Ziwa Zuri

Mama yangu hakuwa mtu wa kuingia nyumba asiyoijua. Ukimwambia twende kwa fulani, atauliza kwanza: fulani wa nani? Mama yake alikuwa akikaa mtaa gani? Nyumba ina ngazi? Choo kiko ndani au uani? Mpaka umalize kumjibu, chakula huko kimeshapoa. Tulipokuwa watoto tulicheka. Nilipokuwa mtu mzima nikawa nakasirika, kwa sababu dereva ni mimi, na mimi ndiye niliyekuwa nikingoja kwenye gari na injini inaunguruma. Sikujua kwamba iko siku nitaulizwa maswali yayo hayo juu ya mji mzima, mji ambao mimi mwenyewe sijautia mguu, na uhai wa mama utakuwa unangoja majibu yangu.

Mama alikuwa na uvimbe. Neno hilo naliandika wazi kwa sababu yeye hakutaka kulitamka. Alianza kwa kusema kifua kinamsumbua. Kwenye zahanati ya mtaani akasema kwa Kiarabu, sadri, kifua changu, na daktari wa watu akampa dawa ya kikohozi. Akainywa kwa miezi. Nilipomuuliza mbona sikusikii ukikohoa, akanijibu kwamba hiyo ndiyo dalili kuwa dawa inafanya kazi. Mpaka siku alipoteleza bafuni, nikaingia kumwinua na kumvisha, nikaona. Nilikaa chini palepale kwenye vigae, kwenye maji.

"Mama, hiki ndicho kifua?"

"Kifua," akasema, akavuta kanga.

Daktari wa Maskati hakuzunguka. Alisema operesheni, halafu dawa, na akarudia mara mbili kwamba tusichelewe. Mimi nilikuwa nimeshaanza kupanga ruhusa kazini. Njia nzima ya kurudi kwake Ibra mama alivuta tasbihi, akaja kufungua kinywa tulipofika mlangoni pake.

"Maskati sikatwi," akasema. "Maskati kila kitanda kina mtu wetu. Ukipiga chafya wadi ya wanawake, wa kitanda cha pili anakwambia yarhamuki Allah, wewe si mjukuu wa bibi fulani wa Malindi, Unguja? Hata sijazinduka, Sur wameshajua. Ibra wameshajua. Mpaka mji wa Adam kwenye soko la mbuzi wameshajua nimekatwa nini."

Nilimbembeleza, nikamtisha, nikalia mbele yake. Niliwaza kumbeba kwa nguvu, na wallahi ningefanya, lakini daktari hamkati mtu asiyetia saini yake.

Mdogo wangu wa kiume, ambaye ndiye ndugu yangu pekee, yuko Zurich, Uswisi. Alikwenda kusoma uhandisi, akamaliza, akapata kazi, akabaki. Nilipompigia kumweleza, nilimwambia tu mama ana uvimbe na hataki kukatwa Maskati. Sehemu ya mwili sikuitaja, mama alikuwa amenishika mkono. Alihangaika huko siku kadhaa, akapata hospitali iliyokubali kumpokea. Nilikwenda kumwambia mama nikijua atakataa.

"Huko hakuna watu wetu?" akauliza.

"Wachache mno."

"Hospitali hawajui Kiswahili?"

"Nani atakijua, mama?"

"Zeen, vizuri," akasema. "Basi nielezeni mji wenyewe. Kama mnavyonieleza mtu aliyekuja kuposa. Siingii mji nisioujua."

Nilitaka kupasuka. Mtu ana maradhi yanayomla, na anataka somo la jiografia. Lakini lilikuwa ndilo neno la kwanza lililokaribia kuitwa ndiyo, nikalishika kama anayezama ashikavyo jani.

Mimi naishi Nizwa kwa mume wangu. Kila Alkhamisi nikitoka kazini nilishika njia ya Mudhaibi kwenda Ibra, na usiku wa kabla yake nilikuwa nimeshasoma kwenye simu mpaka macho yakauma. Nikikwama nampigia mdogo wangu. Wakati ule ilikuwa baridi bado, mama akikaa barazani juani baada ya alasiri, birika la kahawa mbele yake, na mimi naanza. Mara nyingi alikuwapo jirani yake, mwanamke wa makamo aliyezaliwa Bujumbura, shoga yake wa miaka. Yeye aliambiwa kwamba mama anakwenda kutibiwa kifua, kwa hewa ya milimani. Akaamini, kwa nini asiamini.

"Umekaa wapi mji huo?" mama akaanza.

"Kaskazini mwa Uswisi. Mbali na bahari."

"Mji hauna bahari?"

"Kwani Ibra ina bahari?"

"Ibra sikuichagua."

Nikaendelea. Nikamwambia magharibi uko mlima mrefu wenye msitu, watu hupanda kwa treni siku ukungu umekaa juu ya mji, ili wakaone jua. Mashariki viko vilima vilivyopangwa nyumba mpaka juu. Katikati ni bonde, na mji umelala bondeni pande zote mbili za mto. Na uko mto wa pili, mkorofi, unaoshuka kutoka milimani na kuungana na ule wa kwanza nyuma ya steshini kuu ya treni. Ule mto mkubwa unaanzia hapo hapo mjini, kwa sababu mji umekaa kwenye ncha ya...

Nikasita.

Inafaa nieleze. Kiswahili cha mama ni cha mjini Unguja, alichokuja nacho akiwa msichana na hakukibadilisha hata nukta. Kwa Kiswahili hicho, ziwa ni la maji, na ziwa ni la mwanamke. Ni neno moja. Sisi hatusemi titi mbele ya mtu mzima. Na yeye hilo ziwa, la mwanamke, ndilo alilolizungushia ukuta nyumba nzima, tukawa tunasema kifua, tunasema huku, tunasema kile kitu. Sasa mimi ninao mji ambao huwezi kuueleza bila kulitaja.

"Kwenye ncha ya buhaira," nikasema, kwa Kiarabu.

Mama akatazama kikombe chake.

"Buhaira ndiyo nini tena?" jirani akaingilia. "Si useme ziwa tu! Sisi kwetu Bujumbura ziwa lilikuwa mlangoni. Mama, binti yako Kiswahili kinamkimbia."

"Nyinyi watu wa bara hamna haya," mama akamwambia.

Jirani akacheka kwelikweli, akidhani anataniwa kama siku zote. Mama naye akacheka kidogo. Mimi nikajimiminia kahawa nisiyoitaka.

Tangu siku hiyo mji ule nilikuwa nauzunguka kama mtu anayezunguka shimo la tope barabarani. Maji makubwa. Kwenye maji pale. Kule mto unakotoka. Mama alinielewa, na mara moja moja aliniangalia kwa jicho la huruma, kana kwamba mgonjwa ni mimi.

Alipomaliza kuuliza mwili wa mji akaja kwenye ukoo.

"Baba yake nani?"

Nikamwambia Warumi ndio wa kwanza kuuandika. Waliweka forodha juu ya kilima kidogo kando ya mto, wakitoza ushuru wa mizigo inayopita. Kilima bado kipo, kimepandwa miti, na wazee wanacheza sataranji hapo na vipande vikubwa vinavyofika kiunoni.

"Kwa hiyo asili yake ni karani wa forodha," mama akasema. "Si vibaya. Babu yako naye alikuwa forodhani."

Nikamwambia kwamba baadaye mfalme mmoja alimpa binti yake nyumba ya watawa wa kike kando ya mto, na mkuu wa nyumba ile, mwanamke, akaja kuutawala mji kwa muda mrefu, mpaka sarafu zikapigwa kwa amri yake.

"Alikuwa na mume?"

"Mtawa, mama."

"Ndiyo maana akapata wakati."

Kisha wanaume wa kazi za mikono walichukua utawala, waokaji na wachinjaji na wafumaji, kila chama na jumba lake karibu na mto. Wanawake wakakaa nje ya mambo ya serikali mpaka juzi tu. Kura ya nchi walipewa wakati mama mwenyewe ni msichana. Aliguna. Nikamwambia juu ya mahubiri yaliyougawa mji, kanisa likavuliwa masanamu na mapambo, na kwamba ugomvi mmojawapo ulianza kwa watu waliokula soseji mwezi wa kufunga.

"Mchana?"

"Kufunga kwao ni kuacha nyama."

"Na wakala hadharani?"

"Walisema kitabu hakikukataza."

Akafikiri. "Watu wabishi. Daktari mbishi ni mzuri, hayakubali maradhi haraka."

Nilikuwa nikisikia maneno kama hayo moyo unaruka. Nilirudi Nizwa nikimwambia mume wangu anakaribia, anakaribia. Wiki ya pili anapata swali jingine. Maji ya bomba yananyweka? Wanasalimiana barabarani au wanapitana kama mbuzi? Mtaa wa mabenki, unaosifiwa hivyo, zamani palikuwa na nini? Nikatafuta, nikamwambia palikuwa na handaki la ngome, lenye maji na vyura, likafukiwa. Alifurahi sana kwa vyura. Mimi nilikuwa natazama mkono wake wa kushoto, jinsi ulivyoanza kuvimba, jinsi alivyoacha kuuinulia birika. Siku moja nikirudi nilisimama Mudhaibi kwenye kituo cha petroli nikalia kwa sauti, kioo kimefungwa, mpaka mtia petroli akaja kugonga akidhani nimezimia.

Alkhamisi iliyofuata uvumilivu ukaniisha. Tulikuwa wawili tu.

"Mama, mji umeshaujua! Unajua mpaka vyura! Unangoja nini?"

"Usinipigie kelele."

"Mficha maradhi kifo humuumbua!"

Methali hiyo ni yake. Alitufundisha yeye, tukificha homa tusipelekwe kudungwa sindano. Alinitazama bila hasira.

"Tutaona," akasema. Halafu akaniagiza nimtafutie koti.

Koti nilimnunulia Nizwa sokoni, duka linalowauzia wanaopanda Jabal Akhdar wakati wa baridi. Refu, rangi ya kahawia, zito kama godoro. Alilivaa juu ya gauni, akafunga madirisha, akawasha kiyoyozi mpaka mwisho, akakaa chini yake na tasbihi kulijaribu. Jirani wa Bujumbura aliingia akamkuta hivyo akaanguka kwa kicheko. Nilicheka na mimi. Ilikuwa raha kumwona anajiandaa, na sikutaka kujiuliza anajiandaa na nini.

Hadithi iliyomgusa kuliko zote ilikuwa ya kaka na dada. Wazungu wa mji ule wanasimulia kwamba zamani walikuja kwao ndugu wawili kutoka Misri, wakimbizi wa dini. Gavana akawakata vichwa kando ya mto. Wakainuka, wakaokota vichwa vyao, wakapanda navyo kilimani mpaka mahali walipopataka, ndipo wakalala. Kanisa kubwa la minara miwili limejengwa hapo. Siku hiyo mdogo wangu alikuwa nasi kwenye simu, sauti imefunguliwa. Mama hakusema astaghfirullah kama nilivyotarajia.

"Walichagua kaburi wenyewe," akasema taratibu. Kisha akaisogelea simu. "Na sisi? Waislamu wanatuzika wapi huko?"

Nikaiinua simu. Nikadhani mtandao umekatika.

"Iko sehemu yetu, mama," mdogo wangu akasema mwishowe. "Juu, upande ya mashariki. Makaburi ya serikali lakini wametupa kipande."

"Wanaelekezwa kibla?"

"Wanaelekezwa. Nimekwenda kuangalia."

Alikwenda kuangalia. Mtoto yule, ambaye mimi nilimfundisha kufunga kamba za viatu, alikuwa ametoka kazini akapanda kilima kwenda kutazama makaburi yameelekea wapi, na hakuniambia. Nikaondoka nikaenda jikoni, nikafungua bomba ili wasinisikie.

Baridi ilikuwa imekwisha, mitende imetoa makarara, siku mdogo wangu alipopiga simu ya picha akiwa amesimama ufukweni. Nyuma yake maji yalikuwa buluu, mabata wanapita, milima myeupe kwa mbali. Mama alikuwa amelala kwenye godoro la sebuleni. Nikamshikia simu.

Niseme kwamba Kiswahili cha mdogo wangu ni cha mtoto aliyezaliwa Omani. Anaelewa kila kitu, akijibu anakanyaga.

"Mama, unajua hapa wenyewe hawasemi Zurich? Wanasema Zuri."

"Zuri nini?"

"Mji. Mji Zuri."

"Mji mzuri!" mama akainua kichwa. "Nimekuzaa mimi useme mji zuri?"

"La, mama, ni jina! Zuri, bas. Na hii nyuma yangu, hii ni ziwa ya Zuri."

Alikuwa amelitaja. Hakuna aliyemwonya. Kwake neno lile lina maana moja tu, maji. Nikataka kuivuta simu, lakini mama alikuwa ameishika kwa mkono wake mzima.

"Ziwa la," akamsahihisha.

"Ziwa la Zuri."

"Ziwa zuri," mama akasema.

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka machozi, mpaka akajishika mbavu, na mdogo wangu kule akawa anacheka pia bila kujua anacheka nini. Kisha akatulia, akapangusa macho kwa ncha ya mtandio.

"Mimi ninalo moja tu sasa," akasema. "Ziwa zuri. Hilo jingine ndilo linalonileta kwako, mwanangu."

"Mama anasema nini?" mdogo wangu akaniuliza kwa Kiarabu. "Sikufahamu."

Miezi yote ile, ndiyo mara ya kwanza nilimsikia mama akilisema neno lile. Mama akanirudishia simu.

"Mwambie akate tiketi," akasema.

Siku zile zilikuwa za furaha, na siwezi kuzikumbuka bila uchungu. Majirani wa Ibra wakaja kumuaga na halua na kahawa, wakimwombea kifua chake kipone. Mama akawapa mikono, koti likiwa limekunjwa juu ya sanduku ili kila mtu alione. Jirani wa Bujumbura alimwambia akifika ziwani alisalimie, aliambie liko la kwetu kubwa kuliko lenyewe. Nikamchukua Nizwa kwangu tungoje viza. Hospitali ya Zurich ikaomba picha mpya za uchunguzi kabla hajasafiri, nikampeleka kupigwa.

Maradhi yalikuwa yameshafika kwenye ini na kwenye mapafu. Mdogo wangu alizipeleka zile picha hospitalini kule, akanipigia. Nikamwambia sema. Akasema madaktari wamesema tusimsumbue mama na safari.

Nilimwambia mama mwenyewe. Nilitaka apige kelele, anilaumu mimi, amlaumu daktari wa dawa ya kikohozi, ajilaumu yeye. Alisema alhamdulillah, akauliza mdogo wangu anakuja lini. Mimi niliingia chumbani nikapiga mto ngumi mpaka mkono ukauma. Nilikuwa na hasira na kila kitu: na haya, na kanga, na neno kifua, na Warumi na forodha yao, na kila Alkhamisi niliyompa badala ya kumburuta mpaka mlango wa wadi. Na juu ya hayo akaanza kukohoa. Kile kikohozi alichonyweshwa dawa yake mwaka uliopita kilikuja sasa, na dawa haikukifaa kitu.

Mdogo wangu alikuja. Mama alikuwa amemwagiza chokoleti, nyingi, na akamsisitizia ziwe za dukani za huko huko, zenye maandishi ya huko. Alikaa ukingoni mwa kitanda Nizwa, na mama akamwambia nitembeze. Akaanza: ukitoka steshini, mama, unashika mtaa wa mabenki.

"Wa vyura," mama akasema.

"Wa vyura. Halafu unakata kushoto, unavuka daraja..."

"Daraja hulivuki bado. Kwanza upande kilimani uone wanaocheza sataranji. Usinipitishe kama mzigo."

Alikuwa akimsahihisha mtu anayeishi kule. Sisi wawili tukatazamana juu ya kichwa chake. Tulidhani ni homa, au ni mchezo wa kujipumbaza, na tukamwachia.

Baada ya wiki kadhaa akasema anataka kwake. Hatukumbishia. Tulimrudisha Ibra. Alipokaribia mtaa akaniambia nisimamishe gari, akavaa koti. Joto lilikuwa la kuchemsha yai. Nikamwambia mama utazirai. Akasema ni hatua chache tu kutoka garini. Aliingia nyumbani kwake amelivaa, majirani wamesimama milangoni, na mdogo wangu nyuma amebeba mfuko wa chokoleti. Mimi nilikuwa nahangaika na mtungi wa oksijeni, sikusikia aliyowaambia.

Alifariki wakati wa rutabu za mwanzo, tende zinapoanza kuiva, asubuhi, mimi nimemshika mkono mmoja na mdogo wangu mmoja. Walioingia kumwosha walikuwa mimi na mwoshaji tuliyemtoa Sur, mwanamke tusiyejuana naye. Hilo alilipanga mwenyewe mapema, na mwoshaji aliapa mbele yangu kwamba alichokiona kimebaki pale.

Siku ya pili ya msiba nyumba ilijaa wanawake. Kahawa inazunguka, mtu anasoma, mtu anamtuliza mwenzake. Nilikuwa nimekaa ukutani sina hata machozi. Jirani wa Bujumbura akaanza kusema, kama wanavyosema watu msibani, wema wa maiti.

"Lakini alhamdulillah mama yetu ametembea. Hewa ya kule ilimfaa kifua, sema siku zake zilikuwa zimefika. Jamani, aliuona mji! Alitusimulia hapa wiki nzima, kila watoto wake wakitoka, tunakula chokoleti zake. Alisimama kwenye daraja. Aliwaona wazee wanacheza sataranji kubwa namna hii. Alikunywa maji kwenye bomba la barabarani. Mpaka kanisa la wale ndugu wawili waliobeba vichwa aliliona, kwa nje tu, akasema ndani hakuingia."

Wanawake wakasema mashallah. Mmoja akasema hata yeye alisimuliwa, habari ya vyura. Mwengine akasema koti lile lilimpendeza.

Kumbe zile wiki alizolala kwangu Nizwa akisubiri kufa, Ibra walijua yuko Zurich anatibiwa, na aliporudi akarudi kwao kutoka Zurich. Kila swali lake, bomba, daraja, miti ya kilimani, lilikuja likanisimamia mbele, moja baada ya jingine. Aliuliza ili aende? Au aliuliza tangu mwanzo ili aweze kusema amekwenda? Nilimfundisha mji ule nikidhani nafungua mlango, na pengine mikononi mwake ulikuwa kanga nyingine tu ya kujifunikia. Sijui. Nimejiuliza tangu siku hiyo na sijui mpaka leo, na hakuna wa kumuuliza. Mdogo wangu anasema alitaka kwenda. Mdogo wangu hakuona uso wake nilipompigia kelele za methali, aliponiambia tutaona.

Kifo hakikumuumbua. Hilo alilishinda.

"Na wewe ulikwenda naye?" mwanamke mmoja akaniuliza.

Wote wakanigeukia. Nikakiweka kikombe chini. Ningeweza kusema mama yangu hakutoka Nizwa. Ningeweza kusema jina la maradhi yake, ili mmoja wao pale, aliyefunga kanga juu ya uvimbe wake, asikie. Hilo linaniuma zaidi kuliko yote. Walikuwapo wanawake wengi chumbani mle, na mimi nilikuwa na neno ambalo pengine lingemfaa mmoja.

"Nilikwenda naye," nikasema.

"Tuhadithie basi."

Nikawahadithia. Nikawatoa steshini, nikawapitisha mtaa wa vyura, nikawapandisha kilimani kwenye forodha ya zamani, wazee wakicheza. Nikawateremsha mpaka mtoni, nyumba ya yule mwanamke aliyetawala, nikawavusha daraja taratibu, kwa namna aliyotaka mama, si kama mzigo. Upande wa pili nikawaonesha kanisa la kaka na dada. Nikawapandisha na mto kwa miguu mpaka kule unakotokea, pale mji unapokwisha na maji yanapoanza, mapana, na milima myeupe nyuma yake. Hapo nikanyamaza. Nililitafuta neno, na lilikuwapo, na halikutoka.

Jirani wa Bujumbura akaniwekea mkono wake begani.

"Ziwa," akanisaidia, mbele ya wote. "Si haya, mwanangu, ni maji tu. Ziwa zuri. Mama yako hakuisha kulitaja."